Fedha Haioti Kama Mahindi

Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, iliyowataka wananchi “wapande” fedha ili “wavune” nyingi zaidi. Lugha hiyo ilishika mioyo. Kwani Mafiga, chini ya milima ya Uluguru, nani asiyejua kwamba punje moja huzaa hindi zima? Lakini fedha haioti: mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata.

Ni kweli, akiba ya benki huzaa faida ndogo, na makato hukera. Hata hivyo, tangu 2023 Bodi ya Bima ya Amana humkinga mwenye akiba hadi shilingi 7,500,000 benki yake inapofilisika. Kwa hiyo, ni wajibu wa kila mtumishi na mwalimu kuuliza kwanza: hasara ikitokea, nani atailipa? Pasipo jibu, asitoe hata senti.