Kachero Pilau na simu ya shemeji yenu

Mwezi huu nimekuja na kesi. Ina kachero, ina mshukiwa, ina na ushahidi wa maandishi. Kachero mwenyewe ana miguu minne na sharubu. Usicheke kwanza, nitakueleza.

Mdogo wangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Dogo mpaka leo ingawa ameshaota ndevu, anasomea filamu chuoni. Juzi juzi mwalimu wao aliwapa kazi: kila mmoja atengeneze filamu ya dakika tano inayozichezea shere tamthilia za upelelezi za miaka ya 70. Si unazijua zile? Masuti ya kahawia, kola pana kama mabawa ya kunguru, gitaa linalolia kama mtoto aliyenyimwa pipi, na gari linalokata kona kwa kasi na kuparamia maboksi matupu ambayo sijui nani huyapanga pale kila wiki. Dogo hakuwa na hela ya kulipa waigizaji. Alichokuwa nacho ni sebule yetu, shemeji yenu (yaani mume wangu, kwa wale wageni wa safu hii), mimi, na paka wetu Pilau. Anaitwa hivyo kwa sababu aliingia jikoni siku ya Idi, sufuria likiwa wazi, na hajatoka tena.

"Dada, Inspekta atakuwa Pilau," akaniambia.

"Na sisi?"

"Nyinyi ni binadamu wa kawaida. Sharti ni moja tu. Hakuna hata mmoja wenu atakayeshangaa kwamba Inspekta ni paka."

Nikamwona kijana ameiva. Utani wa namna hii hunoga pale ambapo kila mtu amekaza sura. Mwaka 1982 kituo cha ABC cha Marekani kilirusha Police Squad!, tamthilia iliyokuwa ikiwadhihaki mapolisi wa televisheni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Leslie Nielsen aliyekuwa nyota wake alikuwa ameigiza filamu nzito kwa miaka mingi, na humo aliendelea kuigiza vile vile, uso mkavu, sauti nzito, huku kila kitu kinachomzunguka kikienda kombo. Mtangazaji anasoma jina la kipindi, kwenye kioo limeandikwa jina jingine kabisa. Mgeni maalum anatambulishwa kwa heshima zote, halafu anauawa hapo hapo kabla kipindi hakijaanza. Kilisitishwa baada ya vipindi 6 tu, na bosi wa kituo alitoa sababu ambayo mimi kama mhariri sitaisahau: eti ili mtu aifurahie ilimlazimu aitazame. Yaani watu walikuwa wanawasha televisheni huku wanapika! Miaka sita baadaye, 1988, mzaha huo huo ukaibukia sinema kwa jina la The Naked Gun na ukatengeneza hela.

Paka naye si mgeni katika biashara hii. Mwaka 1989 Garfield, yule paka mnene wa katuni, alivaa koti na kofia ya kachero katika kipindi cha CBS kilichoitwa Garfield's Babes and Bullets, akajiita Sam Spayed. Jina limetoholewa kwa Sam Spade, kachero maarufu wa The Maltese Falcon. Ukilisikia kwa sikio ni lile lile, ukilisoma kwa Kiingereza unakuta limegeuka na kuwa paka jike aliyefungwa kizazi. Masikini Garfield. Lakini kipindi kilichukua tuzo ya Emmy.

Angalia sasa upendeleo. Mbwa alipotaka kuwa polisi, Waaustria walimtengenezea tamthilia ya kweli kabisa, Inspector Rex, iliyoanza 1994 huko Vienna, na watu waliifuatilia bila kucheka. Paka akitaka kazi hiyo hiyo lazima iwe vichekesho. Nafikiri ni kwa sababu mbwa ukimwambia "tafuta" anatafuta. Paka ukimwambia "tafuta" anakutazama kama bosi aliyeombwa ruhusa siku ya Ijumaa mchana.

Hapo ndipo tulipoanza kupata taabu. Jumamosi ya kwanza ya kazi tulitumia dagaa wa Mwanza karibu robo kilo. Ili Inspekta atazame kushoto, nashika dagaa kushoto. Ili atazame juu, Dogo anapanda kwenye stuli na dagaa wake. Tai ndogo niliyomshonea kwa kipande cha kitenge aliivua ndani ya dakika mbili na kwenda kuificha chini ya kabati. Shemeji yenu alikuwa mshukiwa, amevaa koti la kodrai la mtumba tulilolinunua Ilala, lililombana mabegani hadi akawa anatembea kama amebeba ndoo mbili za maji. Nilikuwa katibu muhtasi wa Inspekta. Nilitakiwa nimsomee paka faili la kesi kwa sauti ya heshima, kisha nisubiri amri.

Sasa nikwambie kitu ambacho Dogo hakukijua siku ile. Nilikuwa na faili langu jingine kichwani.

Wiki mbili kabla ya hapo simu ya shemeji yenu iliita akiwa bafuni. Nikaitazama. Halafu, jamani, nikaifungua. Nisijifanye mtakatifu. Nikakuta ujumbe wa M-Pesa: shilingi 150,000 zimekwenda kwa mwanamke nisiyemjua. Nikarudi nyuma. Mwezi uliopita, 150,000, mwanamke yule yule. Mwezi wa kabla yake, vivyo hivyo. Laki nne na nusu! Sikusema neno. Nikairudisha simu mahali pake, nikapika chapati, nikaanza upelelezi.

Kuna tamthilia ya zamani iitwayo Columbo, ya Peter Falk, yule wa koti la mvua lililokunjamana na Peugeot 403 iliyochoka. Ilianza kama tamthilia ya kawaida mwaka 1971, na ilikuwa na tabia moja ya ajabu: muuaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa. Hakuna swali la nani kaua. Unachosubiri ni kuona Columbo atamnasaje. Nami nilikuwa nimeingia kwenye mtindo huo huo. Muuaji nimeshamwona, kazi iliyobaki ni kumnasa. Kwa hiyo kila kitu kikageuka ushahidi. Ameweka simu kifudifudi mezani: andika. Jumamosi amesema anakwenda kumwona fundi wa gari na gari halijabadilika chochote: andika. Kanyamaza wakati wa chakula, kanitazama, kageuza macho. Andika, pigia mstari.

Turudi kwenye filamu. Jioni ile Dogo alimkalisha shemeji yake kwenye kiti, akamwelekezea taa usoni, akamwambia, "Shemeji, usiigize chochote. Tazama ukuta tu, nusu dakika." Akatazama. Ikawa imetosha.

Jumatano usiku mshukiwa mwenyewe yuko kazini, Dogo kaja na kompyuta yake tukae tukate vipande. Akaniwekea kile kipande cha shemeji yenu anatazama ukuta. Baada yake akabandika picha ya kisu kwenye meza. "Unaona nini?"

"Muuaji," nikasema. Jicho lile! Kweli kabisa lilikuwa la muuaji.

Akaondoa kisu, akabandika sahani ya wali imebaki nusu. Kipande cha mume wangu ni kile kile, hajagusa kitu. Sasa namwona mtu mwenye njaa. Akaondoa wali, akabandika picha ya marehemu baba yetu iliyoko ukutani kwetu. Machozi yakanilenga, nikasema tazama anavyomkumbuka mzee. Dogo akacheka.

Huu ni mchezo wa zamani. Mrusi mmoja mtengenezaji filamu, Lev Kuleshov, husimuliwa kwamba zaidi ya miaka 100 iliyopita alichukua uso mtupu wa mwigizaji Ivan Mosjoukine akaupachika pamoja na bakuli la supu, mtoto ndani ya jeneza, na mwanamke amejilaza. Watazamaji wakamsifu mwigizaji jinsi anavyojua kuonyesha njaa, huzuni na tamaa, kumbe ni picha ile ile. Alfred Hitchcock alilionyesha jambo hilo hilo kwa sura yake mwenyewe katika mahojiano ya televisheni ya Canada mwaka 1964. Anatabasamu baada ya kuona mama na mtoto, unasema mzee mwema. Toa mtoto weka msichana wa bikini, tabasamu ni lile lile, na mzee ameshakuwa mzee wa hovyo.

Nililisoma hili chuoni. Nililijibia mtihani, nikapata alama nzuri, nikaendelea na maisha yangu!

Ndiyo maana paka ni mwigizaji mzuri wa ukachero, alinieleza Dogo, huku akimpachika Pilau mbele yangu. Pilau anatazama dagaa. Kata. Alama ya kiatu kwenye vumbi. Kata. Pilau tena, yule yule, bado anatazama dagaa. Nakuapia, msomaji, paka yule alikuwa anafikiri. Unaona kabisa amegundua jambo na anasikitika kwa ajili ya familia ya marehemu.

Nikacheka mpaka nikaacha kucheka. Maana wiki mbili zile nilikuwa nafanya kazi hiyo hiyo bila kompyuta. Uso wa mume wangu wakati wa chakula, kata, ujumbe wa M-Pesa. Simu kifudifudi, kata, jina la mwanamke. Filamu yangu ilikuwa imekamilika, imebaki muziki.

Shemeji yenu aliporudi saa nne usiku nilimngoja ale kwanza. Halafu nikamwambia nilifungua simu yake. Nilianza na hilo makusudi, kwa sababu nilijua nikianza na jina la yule mwanamke sitalifikia tena lile la kwangu. Kisha nikamuuliza.

Alikaa kimya muda mrefu. Yule mwanamke ni mweka hazina wa kikoba. Kuna rafiki yake, sitamtaja, alikopa humo na shemeji yenu akamdhamini. Rafiki kahama mji, simu haipatikani. Mdhamini analipa, miezi mitano, 150,000 kila mwezi. Zile Jumamosi za fundi alikuwa anakwenda kumtafuta rafiki kwa ndugu zake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinikataza nisimdhamini yule. Ningekwambia ungesema nilikukataza."

Na kweli, msomaji, neno lile lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limekaa mkao wa kutoka. Nililimeza. Sikupoa kwa usiku mmoja, nisikudanganye. Siku mbili nilizungumza naye habari za umeme na mkate tu. Uongo ulikuwepo, ila haukuwa ule niliokuwa naupeleleza, na hasira niliyokuwa nimeiandaa kwa wiki mbili ilikuwa haina pa kwenda. Yeye naye alikuwa na haki ya kununa, maana simu ni yake. Tukanuniana kwa haki sawa.

Ijumaa ndiyo nikakumbuka kumuuliza. "Siku ile Dogo anakupiga picha, ulipokuwa unatazama ukuta, ulikuwa unafikiria nini?"

"Laki na nusu," akajibu.

Kumbe uso haukuwa mtupu hata kidogo! Dogo amenikatalia kuliandika hili kwenye ripoti yake ya chuo, anasema litaharibu nadharia.

Onyo kutoka kwa mhusika: shemeji yenu ameusoma ukurasa huu na kuuruhusu, kwa sharti kwamba suala la mimi kufungua simu lisifupishwe. Halijafupishwa.

Jumapili tulipiga kipande cha mwisho. Police Squad! ilikuwa na kawaida ya kumaliza kwa kuzidhihaki tamthilia za zamani ambazo picha ya mwisho huganda wahusika wakicheka. Wao hawakuigandisha picha, waliganda waigizaji wenyewe, huku mambo mengine yakiendelea: kahawa inamwagwa hadi kikombe kinafurika, na mfungwa anagundua wenzake wamekuwa masanamu, anatafuta njia ya kutoroka. Dogo akataka yetu iwe hivyo. Inspekta ametatua kesi, sote tuko mezani, shemeji yenu ananimiminia chai.

"Gandeni!"

Tukaganda. Nimetabasamu meno yote nje, kichwa nimekiinamisha upande. Shemeji yenu birika mkononi, anaendelea kumimina kama alivyoagizwa. Chai ikajaa kikombe, ikajaa kisosi, ikashuka kwenye kitambaa cha meza, nikaisikia inafika kwenye goti langu, ya moto, na sikutikisika. Wala yeye hakuacha kumimina. Macho yake yalikuwa kwangu, ya kwangu yalikuwa kwake, mabega yameanza kumtetemeka ndani ya kodrai. Dogo hasemi "kata." Inspekta Pilau akapanda mezani, akalizunguka lile dimbwi kwa tahadhari, akachukua samaki mzima kwenye sahani ya mshukiwa, akaondoka naye kuelekea chini ya kabati, kwenye tai yake.