Risala ya akina mama wa kliniki ya tiba na matunzo kuhusu chanjo ya HPV kwa watu wazima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, waganga wafawidhi, wauguzi wetu, wahudumu wa afya ya jamii, wanakikundi wenzetu,

Sisi ni akina mama tunaoishi na VVU. Tunachukua dawa kliniki moja na tunaweka hisa kikoba kimoja. Asante kwa kuja kutusikiliza. Tunaishukuru pia Serikali: mwaka 2018 chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, na Aprili 2024 ikafunguliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja. Mabinti zetu wamechanjwa. Hatukuja hapa kumnyang'anya mtoto sindano yake.

Mheshimiwa, saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na mwenye VVU yuko kwenye hatari mara sita zaidi ya asiye navyo. Aina mbili za virusi vya HPV, ya 16 na ya 18, huleta takriban asilimia 70 ya saratani hiyo, na chanjo inazikinga zote mbili. Ndiyo maana tunaulizia zamu yetu.

KERO ZETU

Kwanza, tukiuliza tunajibiwa, "Mama, umri wako umeshapita." Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2022 hausemi hivyo. Wa miaka 15 hadi 20: dozi moja au mbili. Wa miaka 21 na kuendelea: dozi mbili, zikiachana miezi sita. Mwenye kinga dhaifu, akiwemo anayeishi na VVU: zisipungue mbili, na ikiwezekana tatu. Tunajua wasichana wadogo ndio wa kwanza, na tunajua faida hupungua kwa mtu aliyekwisha kukutana na virusi. Basi tuelezwe hayo, tupime wenyewe. Tusifukuzwe dirishani.

Pili, tangazo la dozi moja limeeleweka kuwa ni la kila mtu. Binti wa mwenzetu, mwenye VVU, alichanjwa shuleni dozi moja kama wenzake. Mama yake hakuweza kutaja hali ya mtoto mbele ya foleni, na kliniki haikumuuliza. Binti huyo bado hajakamilishiwa dozi, na hakuna daftari linalomkumbuka.

Tatu, ratiba hazishikwi. Mwenzetu mmoja alivunja hisa zake akalipia dozi ya kwanza kwenye kituo cha binafsi. Hakupewa kadi. Alipewa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Rudi baadaye." Aliporudi, chanjo imekwisha. Aliporudi tena, akaambiwa muda umepita, aanze upya na alipe upya. Mheshimiwa, dozi iliyochelewa haifuti iliyotangulia. Mtu huendelea pale alipoishia. Mama yule alirudi nyumbani akiamini hela yake imepotea.

Nne, bei haibandikwi popote. Kila mlango una bei yake.

MADAI YETU

1. Ratiba ya chanjo ya HPV kwa watu wazima ibandikwe kliniki kwa Kiswahili: umri, idadi ya dozi, miezi ya kusubiri, na kwamba mjamzito husubiri hadi ajifungue.

2. Kila mtu mzima anayechanjwa apewe kadi yenye tarehe ya kurudi, na asianzishiwe dozi ya kwanza kabla kituo hakijajua ya pili itatoka wapi.

3. Mabinti wenye VVU watafutwe kupitia kliniki yetu, kwa siri, wakamilishiwe dozi.

4. Chanjo kwa wanawake wenye VVU iletwe kliniki siku ya kuchukua dawa. Tunaomba iwe bure. Hadi hapo itakapokuwa, bei iwe moja na ibandikwe.

5. Uchunguzi wa mlango wa kizazi usikatike. Chanjo haitibu maambukizi yaliyokwishaingia, na mwenye VVU anapaswa kuanza kupimwa akiwa na miaka 25. Aliyechanjwa na asiyechanjwa, wote wapimwe.

6. Tupewe majibu ya maandishi ndani ya siku 30.

Mheshimiwa, dawa zetu tunameza kila siku kwa saa ile ile, miaka nenda rudi. Hatuhitaji kufundishwa kufuata ratiba, tunahitaji kupewa. Tumeambatisha nakala ya karatasi ya mwenzetu, na pembeni yake nakala ya kadi ya chanjo ya binti yake, yenye tarehe na sahihi. Tunaomba mama naye apate kadi kama ya mwanawe.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanakikundi.