Kijana Aendapo Kampala, Tunamkabidhi kwa Nani?

Ndugu Waislamu wa Bukoba na Muleba! Vijana wetu huvuka Mutukula kwenda Kampala kutafuta riziki. Tunawafungashia senene na kahawa za kutafuna, kisha tunasubiri watume pesa. Nani miongoni mwetu huwauliza wanaswali wapi, na pamoja na nani?

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina, mwaka 622 Miladia, alijenga msikiti, akaunga udugu baina ya Muhajirina na Ansari. Mgeni akapata ndugu kabla ya mali. Sisi twamwachia kijana chumba cha kupanga na marafiki wa njiani, akipotea twaulaumu mji!

Tumemtupa wenyewe. Kila imamu na ampe msafiri barua ya kumtambulisha Kibuli au Old Kampala, na jamaa imfuatilie.

Wabillahi Tawfiq.