Kumsaka babu katika daftari la kanisa

Hebu jaribu jambo hili ukiwa hapo mezani na chai yako. Taja jina la babako. La babu. Sasa la baba yake babu. Wengi wetu tuliozaliwa mjini huanza kukuna kichwa papo hapo. Mwezi uliopita mpwa wangu wa kidato cha pili aliniuliza babake nyanya mzaa mama aliitwa nani. Sikulijua jina hilo, na mtu wa mwisho aliyelijua tulishamzika.

Ndipo nilipowakumbuka Waayalandi. Mei 23, 2011, Barack Obama, ambaye upande wa babake ni wa Kogelo kule Siaya, alifika katika kijiji cha Moneygall, kaunti ya Offaly, akanywa bia na jamaa wa upande wa mamake. Kijana mmoja wa ukoo huo, Fulmoth Kearney, mwana wa fundi wa viatu, aliondoka huko kwenda Marekani mwaka 1850 wakati wa njaa kuu ya viazi. Jina la ukoo wake lilipatikana mwaka 2007 katika daftari kuukuu za kanisa la Kianglikana la eneo hilo.

Kupatikana huko kulikuwa bahati ya mtende. Sheria ya zamani ilitaka daftari za Kianglikana zipelekwe Dublin, isipokuwa kama parokia ilikuwa na mahali salama pa kuziweka. Mnamo Juni 30, 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jumba la kumbukumbu la Dublin lililipuka na kuteketea. Zaidi ya nusu ya daftari hizo ziliangamia, pamoja na karibu hesabu zote za watu za kuanzia 1821 hadi 1851. Hesabu za 1861 hadi 1891 hazikungoja moto. Serikali yenyewe ndiyo iliyoziharibu! Ya kwanza iliyobaki nzima ni ya 1901.

Daftari za Kikatoliki zilipona kwa sababu serikali haikuzihesabu kuwa mali yake. Zilibaki kwa mapadri, vijijini. Wahenga walisema dunia ni mti mkavu. Wakati mwingine aliyedharauliwa ndiye anayesalia.

Basi anayemtafuta babu huko huanzia wapi? Huanzia kwenye ndoa. Serikali ilianza kuandikisha ndoa za wasio Wakatoliki Aprili 1, 1845, na za Wakatoliki Januari 1864. Cheti cha serikali hutoa majina ya maharusi, kazi zao, mahali walipoishi, na majina ya baba zao pamoja na kazi zao. Mama hatajwi. Naam, aliyebeba mimba miezi tisa hakupewa hata mstari! Kwenye nafasi ya umri mara nyingi utakuta tu kwamba mtu ni mzima, yaani ametimiza miaka 21, basi.

Mama hupatikana kwa kasisi. Daftari la ubatizo wa Kikatoliki kwa kawaida huandika jina la mama la kabla ya kuolewa, na wasimamizi wawili. Kwa hivyo mtafutaji hutoka kwenye ndoa, akaenda kwenye ubatizo wa watoto, kisha akalinganisha wasimamizi na mashahidi wa arusi, maana mara nyingi hao ni ndugu. Arusi yenyewe huitafuta katika parokia ya bibi arusi, na asisahau kutazama siku za mwisho kabla ya Kwaresima, wakati watu wengi walipokimbilia kuoana. Asishangae pia akikuta Kilatini: James ameandikwa Jacobus, na William ni Gulielmus.

Kuna jambo litakalowachekesha wasomaji wetu wa Murang'a na Nyeri. Waayalandi wengi wa zamani walimpa mvulana wa kwanza jina la baba ya baba, na wa pili jina la baba ya mama. Lakini msichana wa kwanza aliitwa kwa jina la nyanya mzaa mama, si mzaa baba kama ilivyo kwa Wakikuyu.

Usidhani haya ni mambo ya kupitisha wakati tu. Mtu ambaye babu au nyanya yake alizaliwa Ayalandi anaweza kuomba uraia wa nchi hiyo, lakini sharti alete vyeti, na cheti cha ndoa ndicho kinachounganisha majina ya mama kabla na baada ya kuolewa. Tangu Julai 2015, picha za daftari za Kikatoliki hadi karibu 1880 zimewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Taifa ya huko, bila malipo.

Nami nimepiga simu katika parokia alikofungia ndoa nyanya yangu mwaka 1956. Karani amesema daftari la mwaka huo lipo, limeliwa na mchwa pembeni, na ufunguo wa kabati anao katekista. Jumamosi ijayo mimi na mpwa wangu tutapanda matatu ya alfajiri. Padri aliyeandika mstari huo, nimeambiwa, alikuwa Mwayalandi.