Isale Haliungi Mfupa

Mtu akigongwa na gari Kibosho, Machame au Rombo, kikao hukaa kabla yeye mwenyewe hajaweza kuketi kitandani. Wazee wa upande wa dereva hufika na isale, jani la kuombea msamaha, mbege ikafuata, pole zikatolewa, kisha akatafutwa kijana mwenye mwandiko mzuri. Anaandika: mimi fulani nimepokea shilingi laki tatu za matibabu, nimeridhika, sitamdai fulani kitu kingine chochote. Majeruhi anatia saini, asiyeweza kushika kalamu anabonyeza dole gumba. Mashahidi wanafuata, muhuri unagongwa, na watu wanaagana wakisifiana kwamba jambo limeisha kiungwana.

Halijaisha. Lililoisha ni tatizo la dereva na tajiri wake. La majeruhi ndiyo kwanza linaanza, na ataliuguza peke yake.

Imani ninayoipinga ni hii: kwamba kuyamaliza nyumbani ndio utu, na anayekwenda kudai fidia ni mroho anayetaka kutajirika kwa mguu wake. Utaisikia misibani, utaisikia stendi ya Moshi, utaisikia hata kwa waliosoma. Inasemwa kwa sauti ya busara, ndiyo maana wachache wanathubutu kuipinga mbele za watu.

Sina ugomvi na isale. Mchaga anayeletewa jani hilo anajua uzito wake, na anajua kwamba kulikataa ni kujitenga na watu. Kwa ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa maneno makali yaliyotoka kilabuni, halina mpinzani. Ila kazi yake ni kuomba msamaha. Halikuwekwa kufanya hesabu ya vyuma vya kuunganishia mfupa wa paja, nauli za kurudi kliniki KCMC kila baada ya wiki kadhaa, au msimu mzima wa kahawa uliopita mwenye shamba akiwa amelala. Dereva asamehewe, tena kwa moyo wote. Msamaha na fidia ni mambo mawili, na aliyetoa la kwanza hajalifuta la pili.

Tuanze na hoja inayowanyamazisha wengi: “Utamfilisi jirani.” Huyo jirani, kama gari lake liko barabarani kihalali, ameshalipia tukio hilo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo kuingia barabarani bila bima inayomkinga mtu wa tatu, yaani wewe uliyekuwa unatembea zako kando ya lami, au abiria uliyelipa nauli yako ukakaa. Ndiyo ile tunayoiita bima ndogo. Kwa gari dogo la kutembelea watu wamezoea kulipa 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwemo. Fedha hiyo haikutolewa ili trafiki aridhike anapokagua stika pale njia panda ya Himo. Ilitolewa ili siku gari likimvunja mtu, kampuni ya bima ibebe mzigo. Na sheria imeibana kampuni: mahakama ikishatoa hukumu dhidi ya mwenye gari kwa jeraha ambalo bima hiyo inalihusu, na kampuni ikiwa ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati, kampuni ndiyo inayotakiwa kulipa.

Sasa tazama kikao chetu kinafanya nini. Kinamtoa jirani laki tatu mfukoni, kinamwacha majeruhi na pengo la mamilioni, na kampuni iliyopokea fedha ya kazi hiyo inabaki nayo salama. Zaidi ya hapo, mikataba ya bima kwa kawaida inamkataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kwa hiyo jirani tuliyedai tunamhurumia tumemlipisha mara mbili, na huenda tumemharibia hata haki yake ya kukingwa. Huruma ya namna hii inamnufaisha mtu ambaye hata hakualikwa kikaoni.

Jiulize pia kwa nini kikao kina haraka. Majeruhi hana haraka, yeye bado amening'inizwa mguu. Mwenye haraka ni tajiri, kwa sababu gari likiwa limezuiwa polisi halileti hesabu. Dereva naye anataka asipande kizimbani. Ndiyo sababu laki tatu hupatikana upesi hivyo, na ndiyo sababu ahadi ya “matibabu mengine tutasaidiana” hukauka mara gari likishatoka. Simu hupokelewa wiki mbili za mwanzo, baadaye hupokelewa na mke, mwisho haipatikani. Waliolala wodi ya mifupa wanaujua mtiririko huu kwa moyo.

Uungwana huo una madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Kesi ya kuendesha kwa hatari ni ya Jamhuri, familia haina mamlaka ya kuifuta. Lakini majeruhi akiambiwa asiende kutoa ushahidi, kesi inakosa miguu na inaanguka. Ikianguka, ule ushahidi mzito wa kumsaidia kwenye madai, yaani hukumu kwamba dereva alikuwa na kosa, umekwenda nayo. Mara nyingine polisi hawakuitwa kabisa: hakuna ramani ya tukio, hakuna fomu ya polisi ya PF3 iliyojazwa na daktari ikaeleza ni mfupa upi umevunjika, hakuna PF90 ya kuonyesha matokeo ya upelelezi. Miezi minane baadaye mguu umeungana vibaya, kijana anataka kudai, na kilichobaki mkononi mwake ni ile karatasi aliyoandika kwamba ameridhika.

Kuna na wale wanaosema, “Dereva alishahukumiwa, akalipa faini, unataka nini tena?” Faini inakwenda serikalini. Hakuna shilingi yake inayofika kitandani kwa aliyeumia. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru mshtakiwa alipe fidia, lakini asiye na mwanasheria asikae akiisubiri. Njia ya uhakika zaidi ni dai lenyewe la madhara dhidi ya dereva na mwenye gari, kampuni ya bima ikiwa imepewa taarifa, na dai hilo lina miaka 3 tangu siku ya ajali chini ya Sheria ya Ukomo. Miaka 3 inaonekana mingi kwa mwenye miguu yote. Kwa anayesubiri “tutasaidiana” inapita kama upepo.

Kosa jingine la wazee wetu ni kudhani mwenye haki ya fidia ni mwenye ajira. “Mama huyu halipwi mshahara, atadai nini?” Nenda Old Moshi au Mwika ukamtazame mama huyo asiyelipwa mshahara. Alfajiri anakata majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe wa ndani. Mara mbili tatu kwa wiki anashuka tambarare kutafuta nyasi na mabua, anapandisha mzigo kichwani kwenye mteremko ambao kijana wa mjini akiupanda mikono mitupu anahema. Anapalilia, anachuma kahawa, anakamua, anapeleka ndizi sokoni. Mvunje nyonga, kisha uone ni watu wangapi wa kulipwa watahitajika ili ng'ombe huyo asife njaa. Sheria haikutaka hati ya mshahara ili kutambua maumivu, ulemavu na uwezo wa kazi uliopotea. Hayo ni madhara ya jumla, na hakimu anayapima. Kinachotaka vielelezo ni gharama zilizotoka mfukoni: dawa, magongo, nauli, picha za eksrei. Mahakama ya Rufani imerudia kanuni hii mara nyingi, kwamba hasara mahsusi itajwe na ithibitishwe. Risiti unayoitupa kwenye kapu la duka la dawa ni sehemu ya fidia yako.

Vilevile wapo wanaojihukumu mapema. Alikuwa amepanda mshikaki kwenye bodaboda, au alivuka bila kutazama, basi anajiona hana lake. Kosa la pande zote mbili lina utaratibu wake katika Sheria Sura ya 310: fidia inapunguzwa kwa kadiri ya kosa lako, haifutwi. Sura hiyohiyo ndiyo inayowapa mume, mke, watoto na wazazi wa marehemu haki ya kudai. Juni 28, 2025, basi na kosta viligongana Sabasaba, Same, vikawaka moto, na watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Nchi nzima ilitoa pole, na ilistahili. Lakini rambirambi ni rambirambi. Mtoto aliyebaki bila mlipa ada ana dai la kisheria, na dai hilo halifutwi na hotuba makaburini wala bahasha ya mchango.

Najua hoja inayosubiri kona: “Hiyo ni pesa ya damu, ina laana.” Wanaoisema ni watu wa Biblia, basi wafungue Kutoka sura ya 21, mstari wa 19. Torati inamwamuru aliyempiga mwenzake amlipe muda aliopoteza na agharimie kupona kwake kabisa. Hayo ndiyo mapato yaliyopotea na gharama za matibabu, yameagizwa karne nyingi kabla ya kampuni yoyote ya bima kuzaliwa. Na Waislamu wa Majengo na Njoro, hapa Moshi, wanaijua vizuri diya, yaani fidia ya damu, hakuna anayeiita laana. Laana, kama ipo, ni mwanaume wa miaka 30 kugeuka mzigo kwa mama yake mzee ili tajiri wa Noah asisumbuliwe.

Nikubali yaliyo ya kweli upande wa pili. Kampuni za bima zinajua kuchosha watu: leo inatakiwa nakala hii, kesho ile, afisa anayehusika amesafiri. Vishoka nao wapo, wanazungukia wodi na mahakama wakiahidi mamilioni kisha wanaondoka na nusu. Na bodaboda nyingi zinakimbia bila bima hai, hapo utabaki kumdai dereva na mwenye pikipiki, na kama hawana kitu utapata hukumu ya kutundika ukutani. Wengine wanatutisha kwa Kenya, ng'ambo tu ya Holili, ambako madai ya abiria wa matatu yalichangia kuangusha kampuni za bima, hadi sheria ya 2006 ikaweka ukomo wa shilingi milioni 3 za kule kwa kila mtu. Sawa. Lakini Wakenya waliugua kwa kudai kupita kiasi. Sisi tunaugua kwa kutodai kabisa, na mgonjwa wa njaa haogopeshwi kwa habari za aliyevimbiwa.

Ugumu huo pia una dawa zaidi ya kukata tamaa. Stika siku hizi inahakikiwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa hiyo kujua bima ni ya nani ni kazi ya dakika chache. TIRA ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Kampuni ikizungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Gari la Kenya lililokugonga barabara ya Taveta lina kadi ya njano ya COMESA, na mpango huo unafanya kazi Tanzania. Mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, aliyeajiriwa kupandisha mizigo ya watalii, akaumia kosta ya kampuni ilipopinduka njia ya geti la Machame, aulizie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na mwajiri peke yake tangu Julai 2015. Na asiye na fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wanaosaidia bure. Hapahapa Moshi, shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake kisheria kwa miongo kadhaa.

Ninachowataka wenyeviti wa vitongoji, watendaji, wachungaji na masheikh ni kidogo. Suluhisheni watu, ombeni pamoja nao, zuieni visasi. Lakini karatasi ya “sitadai tena” isipate muhuri wenu mpaka mambo matatu yawe mezani: PF3 iliyojazwa, jina la kampuni ya bima, na maelezo ya daktari kwamba majeruhi amepona au atabaki na ulemavu kiasi gani. Laki tatu zipokelewe, ziandikwe kuwa ni msaada wa awali, na neno “nimeridhika” lisionekane popote. Kiongozi anayegonga muhuri bila hayo ajue kwamba hajapatanisha ndugu. Amemsaidia mwenye gari kununua mguu wa mtu kwa bei ya kutupa, na hajamuuliza hata mwenye mguu.