Koo la Mtoto na Moyo Wake

Mwezi huu sisi walimu tunaongea juu ya moyo.

Moyo una ukubwa kama wa ngumi ya mwenyewe. Unaanza kupiga mtoto akiwa bado tumboni, na hauna likizo. Ndani yake mna milango 4 midogo inayozuia damu isirudi nyuma.

Jamani, milango hiyo inaweza kuharibiwa na ugonjwa unaoanzia kooni! Darasani tunaona watoto wanashindwa kumeza mate, wana homa, na nyumbani wamepewa maji ya chumvi basi. Koo linapoa. Wiki 2 au 3 baadaye viungo vinavimba, leo goti, kesho kiwiko. Wengine wanasema amerogwa. Kumbe hapo moyo unaweza kuwa umeshaguswa, na mlango ukiharibika sana haurudi kama zamani. Mtoto anakosa pumzi hata akibeba kidumu cha maji.

Wanaougua zaidi ni wa miaka 5 hadi 15, hasa pale watu wanapolala wengi chumba kimoja, kama sisi.

Basi tufanye hivi. Koo likiuma na homa ipo, tumpeleke zahanati. Akiandikiwa penisilini ya kumeza siku 10, amalize zote, hata akipata nafuu siku ya 3. Tusimwekee mdogo wake akiba. Na aliyepangiwa sindano kila wiki 3 au 4 asikose hata moja, hata kama anacheza mpira vizuri.

Tuonane mwezi ujao.