Binti akisema anaogopa Desemba, usimjibu "potezea"

Tuseme binti wa kidato cha pili mjini Mugumu, wilayani Serengeti, ameketi jioni na daftari la Kiingereza. Zoezi linamtaka atunge sentensi kwa maneno matatu: overlook, ignore na neglect. Anamuuliza mama yake tofauti. Mama, huku akisonga ugali, anajibu kwa mkato: "Yote ni kupuuza, mwanangu."

Jibu hilo halijakosea sana, ila maneno hayo hayana uzito sawa.

Overlook ni kupitiwa. Mama alikuwa na tarehe ya kliniki, shughuli zikawa nyingi, siku ikapita. Ignore ni kusikia vizuri na kuamua kukaa kimya, kama mtu anayeona simu inaita akaiacha iite mpaka ikate. Neglect ni kuacha wajibu ulio mikononi mwako. Mtoto ana homa siku ya tatu, kituo cha afya kipo, mzazi yupo, lakini hapelekwi.

La kwanza ni kusahau. La pili ni uamuzi. La tatu linaweza kumfikisha mzazi mahakamani.

Kiswahili nacho hakina upungufu wa maneno ya namna hii. Wazee husema kufumbia macho au kutia pamba masikioni. Vijana husema kausha, mezea, potezea. Neno dogo kama "potezea" halina madhara mtoto anapolalamika kwamba mwenzake amemcheka. Lina madhara makubwa anaposema: "Mama, bibi amesema mwaka huu sitabaki msagane."

Mzazi wa Tarime au Serengeti hahitaji kutafsiriwa sentensi hiyo. Msagane ni binti ambaye hajakeketwa, na neno hilo mara nyingi hutumika kumkejeli. Msimu wa ukeketaji kwa kawaida huja Desemba, shule zikiwa zimefungwa, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili.

Mtoto hasemi moja kwa moja

Si kila binti atatamka neno ukeketaji. Mwingine atauliza kama anaweza kubaki shuleni likizo. Mwingine ataanza kukataa kwenda kwa shangazi aliyekuwa akimpenda. Mwingine atasimulia kwamba ameahidiwa nguo mpya na sherehe, kisha anyamaze akikutazama usoni.

Hapo ndipo mzazi huchagua neno lake. Akiwa hajaelewa, amepitiwa, na bado anaweza kurudi kumuuliza. Akielewa na kusema "achana na mambo ya wakubwa", amepuuza. Akielewa, akajua siku na mahali, kisha akamwacha binti apelekwe ili asigombane na ukoo, hapo ameshautelekeza wajibu wake.

Sheria imeviweka pamoja

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kinamhusu mtu mwenye ulezi wa mtoto aliye chini ya miaka 18. Kumtesa, kumtelekeza na kusababisha akeketwe vimetajwa katika sentensi moja, vyote vikiitwa ukatili kwa watoto. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi Sh300,000, au vyote viwili.

Kuvuka mpaka wa Sirari si kimbilio. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28. Kitaifa ilishuka kutoka 10 hadi 8. Mara inabadilika, ila polepole.

Rhobi Samwelly, mwanzilishi wa Nyumba Salama ya Mugumu, alikeketwa akiwa na miaka 13 ingawa hakutaka, akapoteza damu nyingi. Hayo ndiyo madhara ya karibu: kuvuja damu, maumivu makali, maambukizi, mkojo kuziba. Ya mbali huonekana leba, uzazi unapokuwa mgumu na mama kuchanika. Hakuna faida yoyote ya kiafya upande wa pili wa mizani.

Ufanye nini akisema?

Acha unachofanya, msikilize mpaka amalize. Usimwambie anazua maneno. Muulize nani amesema, lini na wapi.

Mwambie waziwazi: "Hutakeketwa, na mimi nitasimama." Kisha zungumza na mwenzako, bibi na mashangazi kabla likizo haijaanza, si usiku wa kuamkia sherehe. Usimtume kwa ndugu usiyemwamini.

Shinikizo la ukoo likikuzidi, toa taarifa kwa mwalimu, ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto hupigwa bure, na binti mwenyewe anaweza kuipiga. Kwa hiyo aijue kwa kichwa. Kwa wanaohitaji hifadhi, kipo kituo cha Masanga wilayani Tarime na Nyumba Salama ya Mugumu wilayani Serengeti.

Daftari la binti bado liko mezani. Sentensi ya overlook na ya ignore atazitunga mwenyewe. Ya neglect, mzazi ahakikishe hapati mfano wake nyumbani.